Dhiki ya Mama Mkwe

Jumapili iliyopita nilipanda milimani Mgeta kula kwa mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alikuwa ametutumia salamu: "Njooni mtukute na dhiki yetu." Mimi ni mtu wa Tabora, nimeletwa Morogoro na kazi ya reli ya Mjerumani, na kwetu anayetamka dhiki hajapika. Nikaingiwa na huruma, nikanunua gunia la unga na kulibeba mgongoni mlima mzima. Mke wangu alipotaka kusema neno nilimnyamazisha. Haya ni mambo ya wanaume.

Uani, mbele ya ukoo wote, nikalitua gunia na kusema kwa sauti ya msiba, "Shikamoo mama. Nimesikia mna njaa."

Nyuma yake wanawake walikuwa wakipakua kuku, ndizi na maharage, chungu baada ya chungu. Mke wangu akaninong'oneza kwamba huku kila anayealika husema ana dhiki, hata akiwa amechinja.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, akilipapasa gunia langu kwa upole. "Keti ule dhiki kwanza. Hiyo njaa uliyotuletea tutaipika kesho."