King'ora Kisichokuwa na Mafua

Cheka ukishamaliza kunisikiliza, si sasa. Mimi si mtu wa kuona vitu. Pombe situmii, na malaria siku hiyo sikuwa nayo. Jambo lenyewe lilinitokea mchana kweupe, huku kwetu upande wa Usinge, na mkono wangu wa kulia una kovu la kuungua la siku hiyo. Ukitaka nitakuonyesha.

Mdogo wangu anaitwa Doto. Ukishasikia hivyo, jina langu huna haja ya kuliuliza. Tulizaliwa siku moja. Yeye akashika njia ya baba ya kurina asali, mimi nikasomea ufundi umeme Tabora mjini, nikarudi nyumbani. Kazi yangu iko kwenye ghala la ushirika wetu wa asali: naangalia nyaya, pampu, jenereta, na king'ora kilichofungwa juu ya paa.

King'ora cha nini porini? Subiri. Huku kwetu ukiingia porini kufuata mizinga, huitani jina na mwenzako. Tulikatazwa tangu tukiwa wadogo. Tuliambiwa kuna kitu mle kinachosikiliza. Kikishalishika jina lako na sauti ya anayekuita, siku moja kitakuita chenyewe, nawe utaitika, na habari yako itaishia hapo. Ndiyo maana warinaji wanapigiana miluzi au wanagonga magome ya miti. Sasa moshi ukitanda, au mtu akipotea, utamrudishaje bila kumwita? Ushirika ukaona dawa ni king'ora. Kikilia, kila aliye porini anafuata sauti mpaka ghalani. Chuma hakina jina, na nani ataiga chuma? Tulijiona wajanja kweli kweli.

Hapa nikupe ufundi kidogo, maana bila huo hutanielewa. Ndani ya king'ora kuna mota inayozungusha kisahani chenye matundu, na hewa inayokatwakatwa pale ndiyo inayolia. Mota hiyo haina mwendo wake yenyewe, inafuata mapigo ya umeme. Umeme wa gridi unapiga mapigo hamsini kila sekunde, hauyumbi sana, kwa hiyo king'ora kinalia sauti nyembamba, safi, ile ile siku zote. Ukikatika tukawasha jenereta, mambo ni mengine. Jenereta letu ni zee. Likibebeshwa mzigo linachoka, injini inapunguza mwendo, mapigo yanapungua, na sauti ya king'ora inashuka inakuwa nzito. Doto ndiye aliyeanza utani: "Leo king'ora kina mafua!" Kijiji kizima kikadakia. Mpaka leo watu wakisikia sauti nzito wanasema kina mafua, umeme umekatika.

Siku hiyo ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka kabisa. Doto alikuwa porini tangu asubuhi, yeye na mwenzake Masanja, mtoto wa pekee wa mama anayetuchujia asali pale ghalani. Mchana upepo ukageuka. Kuna mtu alikuwa anachoma shamba lake huko, moto ukamshinda, ukaingia msituni. Moshi ukaja mpaka ukatuwasha macho. Na umeme nao, kama kawaida yake, ukakatika saa hiyo hiyo.

Nikawasha jenereta. Pampu ilibidi ifanye kazi, maana nyasi za kuzunguka ghala zilitaka kulowanishwa la sivyo tuungue sote. Nikawasha na king'ora. Kililia kwa mafua makubwa kuliko siku zote, lakini kililia. Nikakipumzisha kidogo ili injini ipate pumzi.

Ndipo nikasikia king'ora kingine.

Kilitoka porini, upande ule ule wa moto. Sauti nyembamba, safi, kizima kabisa. Mama Masanja akatupa chujio, akapiga vigelegele. "Yesu asifiwe! Umeme umerudi! Wanangu watasikia vizuri sasa!"

Nikaitazama taa ya gridi ukutani. Haikuwaka. King'ora chetu juu ya paa kimenyamaza, nimekizima kwa mkono wangu mwenyewe. Na kule sauti inakotoka hakuna paa, hakuna waya, hakuna nguzo hata moja mpaka utoke ng'ambo ya hifadhi. Sasa niambie wewe, kilikuwa kinalia kwa umeme gani?

Sikuogopa. Niliwaka hasira. Nilielewa hapo hapo kwamba miaka yote hiyo tulikuwa tunalifundisha lile dubwana wimbo, na limeushika vizuri, ule wa siku njema, wa mapigo hamsini. Doto aliondoka asubuhi umeme ukiwepo, hakujua kama umekatika. Atasikia ving'ora viwili kwenye moshi, kimoja kina mafua na kingine kizima. Wewe ungefuata kipi?

Nikasema hapana, Doto wangu simtoi. Nikarudisha swichi, nikaushika mkono wa mafuta wa jenereta. Ukiuvuta, injini inaenda mbio na king'ora kinapanda sauti. Ukiulegeza, kinashuka. Mama yetu alikuwa akituita shambani kwa mluzi, unapanda mara mbili kisha unaanguka. Nikakiliza king'ora vile vile, kupanda, kupanda, kuanguka. Chuma kile kikapiga mluzi wa marehemu mama yangu, nami machozi yananitoka.

Kule porini kikanyamaza. Halafu kikajaribu. Kilipanda, kikapanda, kikaanguka, lakini nyuma yangu, kimechelewa. Nikabadilisha, nacho kikabadilisha, nyuma yangu tena. Anayeiga hatangulii. Nikajisemea, Doto ana masikio, atajua nani anaanza.

Kivuli kikaziba mlango wa chumba cha jenereta. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi. Kila mtu siku ile alikuwa na masizi mpaka kwenye meno, yeye hakuwa na hata chembe.

"Binti," akasema, "unaharibu mashine. Iache ilie sawasawa."

Umewahi kukaa na jenereta bovu ndani ya chumba cha bati? Pale hata umfokee mtu sikioni hakusikii. Yule mtu alisema taratibu, kama watu wanavyosemezana kanisani, nami nikasikia kila neno.

"Doto ameshafika," akaendelea. "Yuko nje anakunywa maji. Nenda kamwone, mimi nitakushikia hapa."

Uwongo mtamu ndio huo. Mguu wangu mmoja ulikwisha kugeuka, wallahi. Lakini nilipogeuka niligundua kitu. Kila alipofungua mdomo, kule porini kulikuwa kimya. Alipofunga, sauti safi ikaanza tena. Kumbe alikuwa na koo moja tu!

Basi nikajua la kufanya. Kitu kilichojifunza kwetu, kimejifunza na adabu zetu. Na huku kwetu mtu akikusalimia, huwezi kumpa kisogo salamu hazijaisha.

"Shikamoo!" nikampigia kelele.

Akasita. "Marahaba."

"Habari za utokako?"

"Njema, binti. Lakini mashine..."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama yao?"

"Mzima."

"Na wazee? Na majirani? Mvua zilinyesha huko? Mahindi mlipata? Mihogo je? Nyuki wameingia mizingani?"

Akawa anajibu. Kila swali alijibu, uso umemkunjamana kama mtu anayemeza shubiri, na wakati anajibu hakukuwa na sauti nyingine yoyote msituni ila ya king'ora changu chenye mafua. Nilimuuliza ng'ombe mmoja mmoja. Nilimuuliza mashemeji. Mkono wangu ulikuwa umeegemea bomba la moshi la injini, nikasikia nyama inaungua, sikuachia. Uchungu niliusikia, nisikudanganye. Nikamuuliza habari za kuku.

Mara, nilipoulegeza mkono wa mafuta na injini ikatulia kidogo, nikasikia mluzi. Hafifu, kutoka ukingoni mwa miti, unapanda mara mbili kisha unaanguka. Mluzi wa Doto huo!

Yule mtu naye aliusikia. Akanitazama bila chuki, kama mtu aliyechoshwa na mgeni.

"Haya, binti," akasema. "Mmoja ananitosha."

Akageuka, akatoka. Sikuelewa alichosema. Nilizima mashine nikakimbia nje, nikapishana na Mama Masanja mlangoni, ananishangaa. "Mwanangu, ulikuwa unamsalimia nani humo ndani? Nimekuona unafungua mdomo na chumba kitupu!"

Nikampita mbio, maana Doto alikuwa anakuja kwenye njia, nywele zimeungua, anakohoa. Nikamkumbatia nikalia kama mtoto. Kisha nikatazama nyuma yake. Alikuwa peke yake.

Alikuja kutusimulia baadaye. Walisikia king'ora kizima wakakifuata. Waliona mpaka paa la ghala letu likimetameta kati ya miti, na mama mmoja amesimama mbele yake anawapungia kanga. Masanja alicheka, akasema yule pale mama yangu, akatangulia mbio. Doto alitaka kumfuata, ndipo akasikia mluzi wa mama yetu mgongoni kwake, una mafua. Kisha kile king'ora kizima kikanyamaza ghafla, na paa lenyewe halikuwepo tena. Kulikuwa na moto tu.

Masanja tulimtafuta mpaka mvua zikaanza. Hata panga lake hatukuliona.

Sasa siku hizi umeme ukikatika mchana, mimi siwahi jenereta kwanza. Namwahi Mama Masanja. Kwa sababu baada ya muda kidogo kinaanza kulia kule porini, kizima, chembamba, hakina hata kikohozi, na yeye anainuka. Anasema umeme umerudi, anasema mwanangu ananisubiri. Namkalisha chini, Doto anamshika mkono huu, mimi ule, tunakaa naye mpaka kinyamaze. Ana nguvu, yule mama, usimwone vile.

Kwa hiyo ukipita huku ukasikia king'ora, usikimbilie kwa sababu tu sauti unaijua. Tazama kwanza kama taa zinawaka. Kama haziwaki, na kinalia vizuri bila mafua, kaa hapo hapo ulipo. Na ukikutana na mama amejifunga kanga anakimbilia miti huku anatabasamu, usimuulize kitu, mshike.