Mama Yangu Kwenye Katuni za Midoli

Mtani wangu, mwenye duka la vitu vya watoto pale Ifakara, alipewa kibali na kampuni moja ya Dar auze midoli yao ya roboti na atoe vijitabu vya katuni za kuinadi. Kuchora anajua, hadithi hana. Akanifuata mimi. Kalamu nikiishika inatoka jasho, lakini nikifungua mdomo hata viboko wanatoka mtoni kusikiliza.

Kitabu cha pili nikazizamisha roboti kwenye mafuriko ya Katindiuka, nikakosa wa kuziopoa. Nikamtia marehemu mama yangu. Maisha yake yote alifukuza ndege kwenye mpunga kwa kombeo. Mimi nikampa kombeo la kurusha jiwe mpaka Mlimba, likarudi na chenji! Roboti zote akazivuta kwa kanga moja. Watoto wakazisahau roboti, wakamtaka huyo bibi wa kombeo.

Siku moja nikamkuta mtani dukani ana karatasi ya kampuni, watu wamejaa.

"Mtani, mama yako namchukua. Weka dole gumba."

Kwetu mtani akikuchokoza unamzidi, ukinuna umeshindwa. "Mchukue na kikohozi chake!" nikamjibu. Watu wakaangua kicheko, nikabonyeza dole huku nimeshika mbavu.

Baada ya mavuno bibi akaletwa dukani kwenye boksi, mdoli wa plastiki, na kombeo lake. Mtani akanikuta kijiji cha Mkula nawasimulia watu habari zake.

"Acha, mtani. Kampuni inasema aliyeingia kwenye hadithi za midoli yao ni mali yao. Mpaka wakuruhusu."

"Mama yangu nimwombee ruhusa?"

"Dole lako lipo."

"Si ulikuwa unanitania!"

"Uliyecheka ni wewe. Mimi sikucheka."

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akasoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Baba, bibi wa kombeo la ajabu ni mali yao. Umewapa mwenyewe."

"Sasa mimi nimebaki na nini?"

"Yale ambayo hukumsimulia huyu."

Msimu uliofuata tulikuwa Katindiuka tunalinda mpunga. Wenzangu wakadai, "Tuletee bibi, bwana!" Nikafungua mdomo. Jiwe la Mlimba si langu, kanga si yangu, mafuriko si yangu.

Nikawaambia mama alikuwa mfupi, anaogopa vyura. Kombeo lake lilikuwa linakosa kila siku. Siku ya mwisho alikohoa juu ya dungu la kulindia ndege, nikataka kumbeba, akasema, "Ndege kwanza, mwanangu, watatumaliza." Nikaenda kupiga kelele mpaka mwisho wa shamba. Niliporudi alikuwa ameegemea nguzo, kombeo mapajani, ameshapoa.

"Na hapo umetia chumvi?" mmoja akauliza taratibu.

Nikasema hapana.

Ndege walishuka kwenye mpunga, na hakuna aliyenyanyuka.