Vidonge Vilivyofungwa Kwenye Kanga

Nakumbuka Jumamosi moja hapa hapa Lanham, Marekani, mwanangu, mimi bado msichana na mgeni wa nchi hii, nilipomkuta Mwanaidi sakafuni bafuni, kajikunja, choo kimejaa damu.

Mwanaidi ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Alikuwa na ugonjwa wa utumbo mpana, ule wa kuvimba na kutoka vidonda ndani, na daktari alimpa vidonge vya kutuliza uvimbe, ameze kila siku. Vilimfaa mno. Akanenepa, akarudi kazini kufua mashuka ya hoteli, nami nikajua yamekwisha.

Kumbe! Hospitalini ndipo aliponiambia. Dada yake Saumu, aliyekuwa Tanga, alikuwa na maradhi hayo hayo, na dawa kule ilikuwa ya shida. Unatujua sisi, mtu akisafiri kila nyumba inampa mzigo. Basi Mwanaidi, kwa kujiona mzima, aliacha kumeza, vidonge akavifunga kwenye kanga na kumpa anayesafiri ampelekee Saumu. Huyu alikuwa anajiua kwa ajili ya dadake!

Nikampigia Saumu simu kumpa habari, nikamwuliza angalau yeye vinamsaidiaje. Akasema, "Mwenzangu, damu bado yanitoka, lakini sijameza hata kimoja. Dawa ya Marekani ni ya kuchezea? Nimeviweka kabatini, vya siku nitakayozidiwa."

Mmoja kajinyima, mwenzake kaweka akiba, na wote wawili matumbo yanatoka damu. Mwanaidi alitoka hai, alhamdulillahi, ila utumbo mpana walimtoa wote.

Sasa kile kifurushi ulicholeta jana nimpelekee kakako mgonjwa nikisafiri kwenda nyumbani, nimekifungua, nimeona ni vidonge vyako vya ugonjwa huu huu. Nakurudishia, na ukasirike ukitaka. Dawa hii humezwa hata siku unayojiona mzima, maana ndiyo inayokufanya ujione hivyo. Ukitaka kuipunguza, mwambie daktari kwanza. Kakako naye tutamtafutia daktari wake na dawa yake huko huko, nami nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Haya, maji haya hapa. Meza cha leo, nikuone. Mungu awape umri nyote wawili, mje mnizike mimi, nisiwazike nyinyi.