Masufuria ya Harusi ya Monika

Habari hii hamtaiamini, na atakayeiamini nitamshangaa. Mpwa wangu Romana alinunua masufuria ya mtaa wetu mzima wa Kibaoni, halafu akakosa la kupikia.

Romana ananunua skrepa, yaani metali chakavu. Chuma hakitaki, yeye anataka shaba na alumini. Mwaka huu bei ya alumini ilipanda kwa sababu viwanda huko duniani vinaitafuta kama mgonjwa anavyotafuta dawa. Uchumi huo nawaeleza mimi, niliyeishia darasa la tano. Basi kina mama wakaleta masufuria yao, yaliyotoboka na mazima, naye akayapakia yote kwenye lori la Dar es Salaam.

Lori lilipoondoka ndipo akili ikamrudia. Kesho yake binti yake Monika alikuwa anaolewa, na kwetu wali wa harusi hupikwa kwenye masufuria ya kuazima, kila moja na alama ya mwenyewe kwenye kitako. Akapita kwa majirani kuazima.

"Mama Monika," jirani yake Rozalia akamcheka, "sufuria langu si unalo wewe? Pikeni kwenye ndoo."

Romana akapanda bodaboda, akalifukuza lori, akalikuta nje kidogo ya mji linakimbia kama swala. Hapo, nikishuhudia kwa macho yangu, akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mkono mmoja, na lori zima likarudi kinyumenyume mpaka—

"Mjomba!" Romana akanikatiza. "Lori lilikuwa na pancha. Dereva alikuwa anakula karanga, na ndiye aliyenishushia masufuria. Wewe ulikuwa nyumbani umelala."