Salamu za Nyota kwa Waliomlilia

Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hatapata nafasi. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwamo garini, kiti cha nyuma, na mbele yangu alikaa mdogo wangu Furaha, pembeni ya mwanaume aliyebakiza siku chache tu amuoe. Mwanaume huyo ni Elia, shemasi wa kanisa letu hapa Bredäng, kusini mwa Stockholm.

Kwanza niueleze ubaya wake. Elia alikuja Sweden peke yake, akamwacha mkewe Nyota katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kwa ahadi kwamba atamleta. Siku moja akasimama kanisani, akatangaza kuwa amepigiwa simu: Nyota amefariki. Tukakaa matanga nyumbani kwake. Ungemwona! Aligaragara sakafuni, akajigonga kichwa ukutani, mpaka mimi mwenyewe nikamshika kiuno asijiumize. Watu wakasema, jamani, huyu alimpenda mkewe. Furaha alikuwa jikoni akipika chai ya waombolezaji. Alianza kwa kumwonea huruma, na huruma ikazaa mapenzi.

Sasa sikia. Mimi ni fundi wa redio za magari. Miaka ile, kabla simu hazijatuletea kila kitu, wenye hamu ya stesheni za nyumbani tulitafuta redio ya setilaiti. Ni kisanduku kidogo chenye antena bapa ya sumaku. Antena unaibandika juu ya paa la gari, waya unaupitisha mlangoni, kisanduku unakiunganisha na redio ya gari, basi. Elia aliitamani sana, nami nikaahidi kumfungia moja iwe zawadi ya harusi.

Ilikuwa Desemba, saa tisa alasiri, giza limeshaingia kama kawaida ya huku. Nilikuwa nikipekuapekua soko la mitumba la Skärholmen. Akanijia mama mmoja mwembamba, amejifunga kitenge, miguuni kandambili. Kandambili, Desemba! Tena zilikuwa na matope mekundu, na nje kulikuwa na theluji tupu. Akaninyooshea kisanduku kile hasa nilichokuwa nikikitafuta.

"Fundi, chukua. Uitie mu gari ya Shemasi Elia."

"Bei gani, mama?"

"Hapana kuuza. Ni zawadi yangu ya arusi."

"Kwani unamfahamu?"

"Minamujua kuliko weye."

Nikainama kukagua nyaya. Nilipoinua uso hakuwepo. Nikajiambia labda ni muumini wa Södertälje, wapo wengi kule nisiowajua. Wewe ungefikiri nini kingine?

Kesho yake nikaifunga, tukatoka watatu kwenda kuangalia ukumbi wa harusi. Sauti ilikuwa safi, na tulibahatika kukuta kipindi cha salamu. Unavijua vile vipindi: mtu anataja majina ya wote anaowakumbuka, mwishoni anatoa ujumbe wake. Elia akafurahi, akaongeza sauti. Tulipokaribia handaki la barabara nikawaambia, "Humu itakatika. Setilaiti haipenyi mwamba."

Ikakatika kweli. Halafu akaingia mwanamke, na sauti yake ilikuwa karibu mno, kana kwamba amekaa nami kiti cha nyuma.

"Salamu zimufikie Mama Riziki, mwenye alileta samaki. Asante, mama. Zimufikie Pasta, mwenye aliniombea nipumzike. Zimufikie Furaha, mwenye alipika chai. Zimufikie fundi, mwenye alimushika bwana yangu kiuno asianguke."

Elia akabonyeza kuzima. Taa ya redio ikazimika, sauti isizimike. Niamini, hapo nikaitambua: ni yule mama wa Skärholmen.

"Munisamehe kukawia kuwashukuru. Siku ile munanililia, mimi nilikuwa mu foleni ya maji, niko nangoja simu ya bwana yangu. Wa kuwasalimia ni mimi, Nyota. Ujumbe wangu ni kwako, Elia. Machozi yako yote ulinililia nikiwa muzima. Hayatakurudia tena."

Tukatoka handakini. Wimbo wa kipindi ukarudi redioni, ingawa redio ilikuwa imezimwa.

"Simamisha gari," Furaha akasema. "Nyota alikuwa muzima?"

"Ningefanya nini?" Elia akaegesha pembeni. "Nilikuwa nimeshakupenda, na Pasta hangekubali kutufungisha ndoa, mi niko na bibi."

Furaha akavua pete, akaiweka juu ya dashibodi, akashuka. Nikashuka naye. Je, nilimhurumia Elia? Hata kidogo. Moyo wangu ulichekelea, na sioni haya kusema. Jioni ile nilikwenda kwenye gari la Elia, nikaifungua dashibodi nikitoe kile kisanduku. Hakikuwepo. Palikuwa na matope mekundu yaliyokauka.

Nikampigia simu shangazi yangu aliyeko kambini. Akaniambia Nyota alisikia kwa watu kwamba huku Sweden amekwisha kuliliwa, akalala kwenye mkeka wake, akakataa chakula. Alikata roho alfajiri ya siku ileile nilipopewa redio.

Tukakaa matanga mara ya pili, safari hii ya kweli. Elia alikuja, akapiga magoti, macho makavu. Tukadhani ni aibu. Lakini baadaye mama yake mzazi akafariki Uvira, nasi tukaenda matangani nyumbani kwake, maana msiba haususwi. Elia alipiga yowe, akajipiga kifua, akaufinyafinya uso. Halikutoka hata chozi moja. Na kwetu, mtoto asiyemtolea mama yake chozi, watu huanza kuulizana nani amemla huyo mama kwa uchawi. Kina mama wakainuka mmoja mmoja, wakabeba sufuria zao, wakaenda zao.

Elia akajitupa sakafuni kama zamani, akaanza kujigonga ukutani, akanitazama mimi nije kumshika kiuno. Nilitia mikono mfukoni.

Nawe unayenisikiliza, hata ukibanwa namna gani, usimzushie mtu kifo ukamlilia angali hai. Atakuja mwenyewe kutoa shukrani, na siku utakapofiwa kweli utayatafuta machozi kwako usiyapate.