Fundo Hufungwa kwa Mkono Wako

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huku kwetu Kilolo, mwanangu, nilipopanda kwenye chemchemi nikijikokota nyuma ya wenzangu, na wala haikuwa baridi. Ulikuwa woga. Nakueleza hivi kwa sababu juzi nimekusikia ukimwomba binamu yako akusemee kwenye mkutano na hao wanaotaka kujenga bondeni kwetu, ati wewe usionekane. Nilikasirika. Sasa kaa hapo unisikilize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo mbele za watu sikuwa na la kusema. Basi akaja Mzungu mmoja, akapewa na serikali msitu wetu wa chemchemi akate miti yote, apasue mbao, kisha apande miwati, ile miti ya kigeni ya kuuza magome. Jumbe alitangaza tu barazani, hakuuliza mtu. Chemchemi ile ndiyo ilinywesha vijiji vyote vya chini, ndiyo ilitoa maji ya vinyungu, zile bustani za bondeni zinazotulisha kiangazi. Ukiivua miti yake, imekufa. Hata mtoto alilijua hilo.

Ngoja nikuambie lililonikosesha usingizi. Miongoni mwa wakata miti walioajiriwa alikuwemo mume wangu, Atanasi. Alikubali kazi kabla hajajua ni msitu gani, na enzi zile kuikimbia kazi ya Mzungu lilikuwa kosa. Ulifungwa.

Wanawake wakaenda kwa Jumbe, wakafukuzwa. Wakaenda tena, wakamwambia: hatumkatazi mgeni, apande miwati yake kule juu kwenye mteremko wa nyasi, atuachie chemchemi. Jumbe akacheka. "Na nyie sasa mmekuwa Bwana Shauri?" Hivyo ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya.

Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi, mdomo pilipili, akasema basi, tutafunga nyasi. Kwetu, ukikuta kitu kimefungwa fundo la nyasi, liwe shamba, uwe mlanzi, ule mwanzi tunaougema pombe ya ulanzi, umeshaambiwa: usiguse, kina mwenyewe. Na fundo hilo halifunguliwi ila na aliyelifunga. Kila mwanamke achague mti, alisema, afunge kwa mkono wake, mchana kweupe, watu wanaona.

Niliogopa, mwanangu, tena sana. Niliwaogopa askari wa boma, lakini zaidi nilimwogopa mume wangu. Akilikata fundo langu, tutakaaje nyumba moja? Asipolikata, si watamfunga? Nikamnong'oneza wifi yangu, "Wifi, nifungie na wangu." Akanifungia, nami nikabaki nyuma, najifanya nachota maji.

Mama mkwe aliona. Yule mama hakupitwa na kitu! Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alimwambia wifi alifungue lile fundo, akazichukua zile nyasi, akanijia.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kakuambia mimi siogopi? Mwenye shoka ni mumeo, lakini nimemzaa mimi." Akanitia zile nyasi kiganjani. "Woga ni wako, kaa nao. Na fundo ni lako. Lifunge."

Akanisukuma hadi kwenye mti mkubwa kuliko yote, ule wa mdomoni mwa chemchemi. Nikafunga, kwa huu mkono wangu wa kushoto ulioniletea matusi tangu utoto.

Kesho yake wakaja, nyapara mbele, askari wawili nyuma, na wenye mashoka. Sisi tumesimama kandokando, watoto mgongoni. Nyapara akaanza na ule mti mkubwa, akamwita Atanasi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Atanasi akainua shoka. Akaliona fundo. Limepindia kushoto, vilevile ninavyofunga kuni, vilevile ninavyofunga mlango wa kuku. Shoka likabaki juu.

"Kafunga nani hili?" nyapara akauliza.

Nikapiga hatua moja mbele. "Mimi," nikasema, kwa sauti ya kifaranga.

Atanasi akashusha shoka, akaliegemeza kwenye mti taratibu. "Huyo ni mke wangu," akasema. "Sikati."

Walimchukua palepale, pamoja na wenzake wawili waliotupa mashoka baada yake. Mama mkwe hakulia mbele ya askari. Alilia tulipofika nyumbani, na mimi nikalia naye.

Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu kilikuja kilio. Atanasi alikaa jela Iringa mpaka mvua zikaanza, akarudi na kikohozi ambacho hakikumwacha hadi tunamzika. Hakuwahi kunilaumu, ingawa mimi bado najiuliza. Mzungu naye, kwa kukosa mtu wa kushika shoka, maana waliobaki nao walikataa kuyakata mafundo ya wake na mama zao, alipanda miwati yake kule juu mteremkoni, palepale wanawake walipomwonyesha tangu mwanzo. Maji uliyoniletea leo asubuhi umeyachota wapi? Si pale?

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Usingoje woga uishe ndipo uende, maana wangu haujaisha mpaka leo. Nikisikia shoka msituni, natoka nje kutazama. Ukifika mkutanoni usitukane mtu. Waonyeshe pa kujenga, kisha waonyeshe pasipoguswa. Na usimtume binamu yako. Nyasi ni nyasi tu, mwanangu, hata mbuzi anazila. Kilichomzuia Atanasi ni mkono aliouona kwenye zile nyasi.

Nenda. Mungu akupe sauti, hata kama ni ya kifaranga, na akupe watu wa kuitambua. Nawe uzeeke ukiyanywa maji haya.