Tuondolee, Afande

Mastula hakuwa na televisheni. Hakuwahi kuwa nayo, wala hakuitaka. Simu yake ilikuwa ile ya vitufe, ya kupiga na kupokea, basi. Lakini kila mwezi, pale Walukuba mjini Jinja, alilipia dishi la televisheni na akalipia intaneti, kwa sababu mwenye nyumba ndivyo alivyoamua. Kodi ya chumba chake ilipanda karibu nusu.

Jambo hili linaniudhi, na sitaficha. Ukienda kununua sukari muuzaji hakulazimishi kununua na viatu. Ila chumba siku hizi hakipangishwi peke yake, lazima kije na vikorombwezo vyake, na wewe mpangaji unatarajiwa ushukuru.

Mwenye nyumba aliitwa Odongo, askari magereza mstaafu. Wapangaji wote walimwita Afande. Vyumba vyake alivijenga kwa mstari mmoja, milango yote ikitazama upande mmoja, na aliviendesha kwa amri. Siku aliyoleta dishi alisimama uani akatangaza: "Sasa nyumba yangu iko ya kisasa. Kila mtu nalipa sawasawa. Hapana kuchagua." Watu wakapiga makofi kidogo, kwa adabu tu.

Mastula ni Mnubi, msusi wa kawa za ukindu, zile za rangi rangi ambazo hufunikiwa chakula cha arusini. Aliishi na mama yake, Bibi Zulaika, ambaye macho yalimpotea zamani. Na Bibi Zulaika aliujua ua ule kwa kiganja chake. Mkono wa kushoto ukutani, mlango wa jirani, mlango mwingine, tofali lililomeguka, halafu bomba. Kutoka kwenye bomba ukuta ulimfikisha chooni. Alitawadha mwenyewe alfajiri bila kumwamsha mtu. Mastula alikuwa akisema waziwazi kwamba yuko tayari kulala na njaa lakini si kuuacha ua ule, maana mama yake akihamishwa atakuwa kipofu upya.

Na njaa yenyewe ilikuwa imeshaanza kubisha hodi. Kawa hazinunuliwi kila siku.

Aliyemsukuma kwenda kusema ni jirani yake Nabirye, Msoga muuza mkaa, ambaye naye hakuwa na haja na dishi. "Mama, wewe Kiswahili chako nzuri sana," alimwambia. "Enda useme na Afande. Sisi tukisema, yeye nacheka."

Hilo lilikuwa kweli. Mastula alilelewa na shangazi yake Mombasa mpaka alipoolewa, na Kiswahili chake alikivaa kama nguo ya Idi. Majirani wakisema "mtoto yangu" au "kitanda kubwa" aliwasahihisha hapo hapo, nao wakamtania kwamba anaongea kama redio. Yeye utani ule aliupenda.

Basi Jumapili moja akapanda boda hadi Mpumudde, alikokaa Afande. Akamkuta anapiga pasi suruali yake barazani. Wakajuliana hali, wakaulizana habari za watoto. Mastula, kwa adabu alizofunzwa pwani, hakuanza kwa kumwaga malalamiko ya nyumba nzima. Alianza na yake.

"Afande, mimi na mama yangu hatuna televisheni. Mama haoni. Intaneti hatuijui. Kodi imetushinda. Tunakuomba utuondolee."

Afande akaweka pasi chini. Akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli.

"Pole ya mama," akasema. "Sawa. Mimi nimesikia. Mwisho ya mwezi naondoa."

"Utaondoa kweli, Afande?"

"Mimi nikisema, nimesema."

Mastula alirudi Walukuba anatabasamu njia nzima. Alimweleza mama yake, akamweleza Nabirye, na Nabirye akaleta chungu cha ndizi wakala pamoja. Mwezi ule ulikuwa mwepesi. Alisuka huku akiimba, na nani wa kumlaumu?

Mwisho wa mwezi ikaingia pikapu getini. Juu yake godoro, meza na kijana mmoja mwenye miwani, jina lake Andrew, anayefanya kazi zake kwa kompyuta. Afande mwenyewe alikaa mbele, karibu na dereva. Akashuka, akauona mlango wa Mastula uko wazi na kila kitu kiko mahali pake.

"Mama, bado wewe hapana funga vitu?"

"Nifunge vitu niende wapi, Afande?"

"Wewe ulikuja kwangu. Ulisema kodi nashinda wewe. Ulisema tuondoe. Mimi hata notisi sikuuliza. Mtu nataka kutoka, mimi hapana zuia yeye. Hapa si jela."

"Sikusema utuondoe! Nilisema utuondolee. Utuondolee dishi! Utuondolee ile gharama!"

"Tuondoe, tuondolee," Afande akasema, kwa mshangao usio na ubaya wowote, "hiyo si iko moja tu?"

Silabi moja. Kwa aliyelelewa Mombasa, hiyo silabi ndiyo inayotofautisha kutuliwa mzigo na kutupwa nje wewe mwenyewe. Kwa Afande, aliyejifunza Kiswahili kwenye gwaride, kitenzi hakina mkia. Kuna ondoa, na anayeambiwa anaondoka. Kibaya zaidi ni kwamba alidhani anamsaidia. Ningependa kumlaani, nikajisikia vizuri, lakini mtu huyu alileta na pikapu ili imbebee mama wa watu vyombo vyake.

Mastula aliomba, na akaomba tena. Afande akasikitika, ila kijana ameshalipa kodi ya miezi mitatu, na intaneti ndiyo iliyomleta. Mastula akageuka kuwatazama majirani, wale aliokwenda kuwasemea. Nabirye alikuwa amesimama mlangoni pake. Alifungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani. Aliogopa kwamba akisema, ataondolewa na yeye.

Mastula alizunguka Jinja akitafuta chumba, hakupata cha kumudu. Mwishowe kaka yake Amir, fundi cherehani huko Mbale, akawapatia kimoja Namakwekwe, kwa bwana mmoja muuza saruji aitwaye Wamboga. Kodi yake ilikuwa na dishi, jenereta na askari wa geti ndani yake, vyote vya lazima. Mastula aliposikia alicheka, kicheko kisichopendeza kukisikia.

Ua wa Wamboga ni uwanja mtupu. Wapangaji wenye magari huyaegesha hapo, na choo kiko ng'ambo ya pili. Asubuhi ya kwanza Bibi Zulaika alitoka nje, akanyoosha mkono wa kushoto, asipate ukuta. Akapiga hatua, akanyoosha tena. Alibaki amesimama katikati ya ua, mikono mbele, mpaka binti yake akamfuata. Tangu siku hiyo akawa wa kushikwa mkono, na Mastula akienda sokoni na kawa zake, mama alijizuia hadi arudi.

Baada ya majuma kadhaa mama akasema, "Mwambie mwenye nyumba. Nataka kamba tu, kutoka mlangoni petu mpaka chooni. Nitaifuata mwenyewe."

Kamba wangeweza kununua. Lakini ua ni wa Wamboga na magari yanapita. Bila ruhusa yake ingekatwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Mastula alipokwenda kulipa kodi alikwenda na sentensi yake aliyoipanga njiani: tunakuomba utufungie kamba.

Wamboga alimpokea vizuri, akampa kiti. "Mama, iko shida yoyote? Wewe sema tu."

Sentensi ikafika kwenye ulimi, na hapo Mastula akaisikia kwa masikio ya yule bwana. Utufungie. Utufunge. Akaanza kutafuta namna nyingine, akatafuta kile Kiswahili cha majirani alichokuwa akikicheka, kamba iko, mama nataka, na hakikuja. Alichokuwa akikiona ni pikapu tu.

"Hakuna shida, bwana," akasema. Akamshukuru, akaondoka.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimsubiri. "Amesemaje?"

"Amekataa."

Bibi Zulaika hakubisha. Aliipapasa shuka iliyokuwa mapajani pake, halafu akamwambia binti yake amnunulie ndoo yenye kifuniko, awe anamwekea humo chumbani, nyuma ya pazia.

Mastula akachukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwenda kuinunua.